Santuri za marehemu baba: utajuaje bendi imetoka wapi kama jina lenyewe linakudanganya

Swali limetoka kwa kijana wa Nakuru, Free Area. Anasema babake alikuwa karani wa reli, amefariki mwaka jana na kumwachia boksi mbili za santuri, zaidi ya mia. Anataka kuzipanga kwa mahali bendi zilitoka lakini amekwama: "Shirati Jazz nimeweka Kisumu, rafiki akaniambia Shirati iko Tanzania. Ochieng Kabaselleh nikaweka Congo, mama akacheka sana. Simba Wanyika si ni Wakenya? Kuna za Kiluhya ziko na mlio wa chupa sijui niziweke wapi, kuna Jim Reeves, kuna Boney M. Zingine baba ameandika na penseli jina la stesheni kama Lumbwa na mwaka, na moja haina karatasi ya katikati kabisa, ameandika tu 'Kisumu, 1969'. Nianzie wapi mzee?"

Pole sana kwa msiba kijana wangu. Na asante kwa swali, ju watu wengi wakiniletea boksi kama iyo hapa Kisumu kitu ya kwanza wanauliza ni itauzwa pesa ngapi. Mimi nimetengeneza amplifaya na pleya za santuri tangu nikiwa kijana, nimepiga gitaa ya pili kwa bendi ya matanga na harusi miaka mingi, na nakuambia hakuna kitu hunifurahisha kama mtu kuuliza huu mlio ulizaliwa wapi.

Sasa skiza. Ukitaka kujua bendi imetoka wapi usianze na jina lake, usianze na lugha ya wimbo, na ile karatasi ya katikati ya santuri iamini nusu. Anza na vidole vya mpiga gitaa. Jina mtu hujichagulia, lugha mtu huimba ile soko inataka, studio ni penye kuna mashine, lakini mkono hucheza venye ulifunzwa ukiwa mdogo, na hata ukienda Nairobi ukae miaka ishirini mkono unarudi tu nyumbani. Nitakuonyesha na hizo hizo santuri za babako.

Tuchukue Shirati. Rafiki yako amesema kweli, Shirati iko Tanzania, mkoa wa Mara, ukitoka Migori ukavuka Sirare ukashika upande wa ziwa unafika. Daniel Owino Misiani, D.O. tunavyomuita, alizaliwa upande huo 1940, kwa boma la Wajaluo. Alikuja Kenya kijana, akaanzisha bendi miaka ya 60, na ile bendi ikabeba jina la kwao. Lakini hata wewe hukukosea kuiweka Kisumu! Ju mpaka ule ulichorwa na watu hawakujua Kijaluo. Kabla ya lami, barabara ya huku ilikuwa maji: meli zilitoka Kisumu zikaenda Musoma, Mwanza, Port Bell, na mtu wa Shirati alikuwa anaona Kisumu karibu kuliko Dar es Salaam, na hata leo ukienda matanga ya huko na matanga ya Karungu huku Kenya utaskia ngoma ni moja na kilio ni kimoja. Kwa hivyo kwa boksi yako usiandike Kenya wala Tanzania, andika ZIWA. Misiani mwenyewe aliishi hivyo, akiimba siasa ya Kenya kwa mafumbo ya Biblia na ya wanyama, wakubwa wakimkumbusha yeye ni mgeni, na mwisho akafia hapa hapa Kisumu kwa ajali ya barabara, Mei 2006. Nakumbuka ile wiki, kila kinyozi kila kibanda ni Shirati tu.

Sasa benga yenyewe, huo muziki wa gitaa wa Wajaluo. Weka santuri yoyote ya Misiani, alafu weka ya Victoria Jazz ya Ochieng Nelly na Collela Mazee, naamini iko kwa boksi ju karani yeyote wa reli wa miaka ya 70 aliyepita Kisumu lazima aliinunua. Skiza gitaa ya solo tu, sahau sauti. Utaskia haipigi ile kupapasa nyuzi zote pamoja, inadonoa, uzi mmoja mmoja, haraka, mwimbaji akimaliza mstari gitaa inamjibu na maneno yale yale aliyosema. Hiyo haikuletwa na gitaa. Hiyo ni nyatiti.

Nyatiti ni kinanda cha nyuzi cha Wajaluo, ina nyuzi 8, mzee anakaa chini kwa kigoda kidogo, chombo kimelala ubavuni, mguuni amevaa gara zinalia kama njuga, na kwa kidole gumba cha mguu ana pete ya chuma anagonga nayo ubao wa nyatiti kushika mwendo. Yaani mtu mmoja ni bendi nzima: nyuzi za juu zinaimba, za chini zinanguruma, mguu ni ngoma, na mdomo unasifu mwenye boma mpaka atoe pesa. Sasa vijana wa miaka ya 50 walipopata gitaa, zingine zimeletwa na askari wa KAR, jeshi la mkoloni, waliorudi kutoka vita ya Burma, zingine zimeshuka na gari ya moshi, hawakuwa na mwalimu wa gitaa. Walikuwa na babu wa nyatiti. Wakafanya gitaa iseme venye babu anasema. Solo ikachukua nyuzi za juu, besi ikachukua zile za chini na ndo maana besi ya benga haijifichi nyuma kama ya muziki mwingine, inatembea mbele kabisa, inasukuma, na ngoma ikachukua ule mguu wa pete. Alafu kuna pale katikati ya wimbo sauti zinanyamaza zote na gitaa zinachukua kiwanja, hapo ndo watu huinuka kwa viti. Mimi nikiwa nyuma na gitaa yangu ya pili hapo ndo nilikuwa naona vumbi.

Ukishaskia hiyo mara moja hutapotea tena. Na itakusaidia na santuri ambazo si za Kijaluo kabisa, ju benga ilitembea. Utapata ya Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, jina ni la ule mlima wa karibu na Thika, mwenyewe ni Mkamba, anaimba Kiswahili na Kikamba, gitaa ni benga lakini imelainishwa, imekuwa na utamu mwingine kama nyuzi zimepakwa asali. Utapata za Kikuyu za D.K., Daniel Kamau wa Murang'a. Utapata za Kipsigis za Kipchamba na bendi yake ya Koilong'et. Hao wote waliskia ziwa likiwafikia kwa redio na kwa santuri, alafu kila mmoja akaitia chumvi ya kwao. Huyo wa Kilimambogo muandikie Ukambani, alafu chini andika "mkono wa benga". Mambo mawili yanaeza kuwa kweli kwa karatasi moja.

Na haikuishia Kenya. Kulikuwa na mtu anaitwa Phares Oluoch Kanindo, alianza kama muuzaji akawa producer mkubwa wa benga, alafu baadaye mbunge. Santuri zake zilifika mpaka Zimbabwe, na huko watu hawakujua neno benga, waliona jina lake kwa karatasi, wakaita muziki wote huo kanindo. Mpaka leo mzee wa Harare atakuambia anapenda kanindo, na ile muziki yao ya sungura wanayocheza ukiiskiza vizuri utajua hao vijana walikaa na santuri za ziwa letu usiku mzima. Kwa hivyo ukiona jina la Kanindo kwa santuri ujue ni la mwenye kuzitoa, si la bendi. Watu wengi wanakosea hapo.

Sasa kwa Kabaselleh mama yako alicheka na alikuwa na haki, lakini nawe usione haya, jina limekutega kama lilivyotega wengi. Ochieng Kabaselleh ni Mjaluo, bendi ilikuwa Luna Kidi. Hilo Kabaselleh alilichukua kwa heshima ya Joseph Kabasele wa Congo, Grand Kallé, yule wa African Jazz aliyeimba wimbo wa uhuru wa Congo 1960. Miaka hiyo rumba ya Congo ndo ilikuwa suti ya muziki, kila kijana mwenye gitaa alitaka kuivaa. Sasa weka santuri yake uskize: mwanzo ni pole pole, sauti mbili tatu zinalala pamoja kama Kinshasa, Kijaluo kinachanganywa na Kiswahili na hata Kiingereza, unafikiri kweli ni Congo, alafu gitaa inaanza kudonoa na nyatiti inachungulia. Mimi ningemuweka ZIWA na niandike kando "amevaa Congo". Na hii desturi haikufa. Musa Juma wa Limpopo International, aliyefariki Machi 2011, jina la bendi ni la mto wa kusini mwa Afrika, mwimbaji ni wa Usonga huko Siaya, na mlio ni rumba iliyolelewa na ziwa. Ukifuata majina utampeleka Msumbiji bure.

Sasa nifike kwa zile za chupa, na hapa naomba univumilie ju nazipenda sana na naona zinasahaulika.

Hizo unazoskia ni gitaa moja kavu, bila stima, na kitu kinagongwa kwa kasi kama kijiko, ni chupa ya Fanta. Ukweli mtupu. Ile chupa ya zamani ya kioo ilikuwa na mikunjo mikunjo ubavuni, ukipitisha msumari au chuma kidogo inakwaruza na ukiigonga inalia, kwa hivyo chupa moja inakupa milio miwili. Mtindo wenyewe unaitwa omutibo, ni wa Waluhya, na jina kubwa kuliko yote hapo ni George Mukabi wa Kisa, huko Khwisero. Alikufa kijana, 1963, mwaka ule ule wa uhuru, lakini alivyoacha mikono ya watu huko Kisa, Bunyore, Butere na Maragoli haikurudi venye ilikuwa. Kidole gumba kinatembeza besi, cha shahada kinaimba wimbo juu, na ni vidole viwili tu! Nimekaa na wazee wa Bunyore nikijaribu kuiga na nakuambia ni ngumu, ju gumba hakitakiwi kungoja. Mkono wa benga unakimbia, mkono wa omutibo unatembea kama mtu anaenda soko asubuhi, hana haraka lakini hasimami.

Na uone mtego mwingine wa lugha: Mukabi aliimba sana Kiswahili. Ule wimbo wake wa Sengula ni Kiswahili. Ungeenda na lugha ungempeleka pwani, mtu wa Khwisero!

Mkono huo wa vidole viwili haukuzaliwa Kisa peke yake lakini. Kule Katanga, kusini mwa Congo, kulikuwa na kijana wa Jadotville, siku hizi ni Likasi, anaitwa Jean Bosco Mwenda. Hugh Tracey, mzungu aliyeishi Afrika Kusini na aliyezunguka na mashine yake kurekodi, alimrekodi 1952 akipiga Masanga, na hiyo santuri ilifika huku ikashtua kila mwenye gitaa. Alafu Edouard Masengo, wa Katanga pia, akaja mwenyewe Nairobi mwisho wa miaka ya 50. Katanga wanaongea Kiswahili, kwa hivyo watu wetu walielewa maneno pia. Vijana wa Kiluhya wakachukua vile vidole, wakaviweka kwa nyimbo zao, kwa mwendo wa litungu, zeze ya Wabukusu, na ngoma za Kisa, ikatoka kitu ambacho Katanga hawana. Mtu akikuambia omutibo ni ya Congo mkatalie. Akikuambia haikusaidiwa na Congo, huyo pia mkatalie.

Kama una santuri au kanda ya Shem Tube na wenzake Justo Osala na Enos Okola, Abana ba Nasery, hiyo weka kando kabisa, usiikopeshe mtu. Hao ni watu wa Bunyore. Walipiga omutibo tangu miaka ya 60, na walikuja kutoka kwa albamu ya Uingereza 1992, wazee tayari, na chupa yao ile ile. Kwa zile za kuchangamka zaidi za Kiluhya, Sukuma bin Ongaro, Jacob Luseno na Mukangala yake, hapo utaskia omutibo na benga zimeoana, gitaa za stima, besi nzito, lakini gumba la Kisa bado liko.

Na ukipata Daudi Kabaka, tafadhali usimpeleke Uganda ju ya hilo jina la mfalme. Ingawa alizaliwa huko kweli, Kyambogo, 1939! Lakini watu wake ni wa Vihiga, na alifanya kazi yake Nairobi kwa Equator Sound, kikundi ambacho chenyewe kilikuwa kama basi ya Kampala, Fadhili William alitoka Taita, Peter Tsotsi na Nashil Pichen walitoka Zambia. Twist ya Kabaka ni ya Nairobi kabisa, mji ndo uliizaa, na wimbo wake wa Helule Helule ulichukuliwa na The Tremeloes wa Uingereza 1968, wazungu wakacheza kitu ya Mluhya bila kujua Vihiga iko wapi. Huyo muwekee Nairobi, alafu kando uandike Vihiga na Kyambogo.

Umetaja pia santuri zenye baba aliandika "Lumbwa". Hiyo ni stesheni, siku hizi tunaiita Kipkelion, na ndo ilikuwa stesheni ya kushukia ukienda Kericho. Hizo niambie ziko na lebo gani, ju Kericho mjini kulikuwa na Wahindi wa Chandarana, duka na studio, na hao walirekodi magharibi yote. Fikiria mashamba ya chai: Mkipsigis wa hapo hapo, Mjaluo ametoka Nyakach, Mkisii amepitia Sotik, Mluhya ametoka Vihiga, wote wanalipwa siku moja na wote wanataka santuri ya lugha yao Jumamosi. Mwenye duka mwenye akili angefanya nini? Alirekodi wote. Kwa hivyo ukiona Chandarana jua imetengenezwa Kericho, lakini ndani anaeza kuwa mtu yeyote kati ya hao, inabidi uskize. Kama ni ya Kisii na besi inanguruma chini kabisa kama ng'ombe, hiyo ni obokano inaongea, ile zeze yao kubwa ya nyuzi 8, kubwa kuliko nyatiti, na hata Monyoncho alipopiga na gitaa za stima na Kegima Jazz yake ule unguruno wa obokano ulibaki.

Na ju babako alikuwa mtu wa reli, kuna hadithi moja ya Kericho lazima nikupe. Kabla ya benga, kabla ya yote, watu waliskia gramafoni ya mzungu, na kwa zile santuri kulikuwa na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa country wa Meridian, Mississippi, aliyekufa na TB 1933. Huyo kabla ya muziki alikuwa mfanyakazi wa reli, anafunga breki za garimoshi. Wakipsigis waliposkia ile sauti yake inavyopanda na kuvunjika walishangaa huyu ni kiumbe gani, nusu mtu nusu swara, wakamuita Chemirocha, ndo jina lake Jimmie Rodgers limepita kwa ulimi wa Kipsigis. Wakamtungia nyimbo na kinanda chao cha nyuzi. Hugh Tracey, yule yule, alirekodi wasichana wakimuimba huko Kapkatet 1950. Na miaka ya karibuni hizo rekodi zilirudishwa Kapkatet zikapigiwa watu tena. Sasa niambie, Chemirocha utaiweka Mississippi ama Kericho? Mimi naiweka Kericho bila kufikiria mara mbili, ju sauti, nyuzi na ndoto ni za Kericho, Mississippi ilileta tu mshtuko. Na ukijiuliza mbona Rift Valley nzima inapenda country mpaka leo, mbona babako alikuwa na Jim Reeves, huu mlango ulifunguliwa kitambo. Jim Reeves ni wa Galloway, Texas, alikufa kwa ajali ya ndege 1964 na huku kwetu bado anaimba kila Jumapili. Kama ziko na Charley Pride kando yake, huyo ni Mmarekani mweusi wa Sledge, Mississippi, na nimekutana na wazee walioapa ni mzungu mpaka walipoona picha.

Sasa Tanzania na Congo niende haraka, ju hapo kazi ni rahisi ukijua safari tu. Simba Wanyika ni wa Tanga, ndugu wawili Wilson na George Kinyonga, walipita Arusha wakaitwa Arusha Jazz, wakaingia Nairobi 1971 na wakakaa. Les Wanyika walitoka ndani yao 1978, ndo Sina Makosa ikazaliwa. Waandikie Tanga, makao Nairobi. Super Mazembe ni watu wa Lubumbashi, Katanga tena, walipitia Zambia wakafika Nairobi 1974, na ndo maana Kiswahili chao kinateleza vizuri, hawakujifunzia huku. Samba Mapangala ni wa Matadi, ule mji wa bandari wa Congo ambako Grand Kallé pia alizaliwa. Samba alipitia Uganda, akafika Nairobi 1977, Virunga ikaja baadaye. Na kitu moja kuhusu karatasi za katikati: mashine ya kuchapa santuri ilikuwa Nairobi, Tanzania walileta kazi yao ichapwe huku, kwa hivyo "Made in Kenya" kwa santuri ya Mbaraka Mwinshehe haimtoi Morogoro. Ndo maana nilisema iamini nusu.

Boney M. Najua kila Krismasi Nakuru inalia Boney M. Bendi ni ya Ujerumani, Frank Farian ndo aliitengeneza, waimbaji wawili ni wa Jamaika, mmoja Montserrat, na yule mwanamume anayeruka, Bobby Farrell, ni wa Aruba, lakini sauti ya kiume kwa santuri ni ya Farian mwenyewe ndani ya studio. Na Rivers of Babylon iliimbwa kwanza na The Melodians huko Jamaika 1970. Hiyo iweke penye unataka, mimi huweka Karibi.

Kwa hivyo usipange boksi kwa nchi. Chukua kadi ndogo kwa kila santuri, andika mambo matatu: mwimbaji alizaliwa wapi, mkono wake ulifunzwa wapi, na ilirekodiwa wapi. Alafu panga kwa hiyo ya pili. Utaona zinajipanga zenyewe: ZIWA, Kisa na Bunyore, Kericho, Gusii, Ukambani, Katanga, Tanga, Nairobi. Ukichanganyikiwa na moja usilazimishe, iweke kando, irudie baada ya wiki ukiwa umeskiza zingine.

Na hii ya mwisho ni muhimu kuliko yote niliyosema. Zile alama za penseli za babako, usifute. Usizisafishe, usitoe hizo bahasha za karatasi uweke plastiki mpya. Mahali santuri ilinunuliwa, mwaka, mkono wa mtu aliyeinunua akiwa njiani, hiyo hakuna mtu mwingine anayo. Mtu akija kuandika muziki ulitembeaje kwa hii reli kutoka Kisumu mpaka Nakuru, babako ameshaandika ukurasa wake. Piga picha kila bahasha pande zote mbili kabla hata hujaskiza.

Kwa kuosha: tenga kwanza zile nzito za kuvunjika kama sahani, zinazozunguka 78, na zile nyepesi za 45. Nyepesi unaeza pangusa na maji safi na sabuni kidogo sana na kitambaa laini, karatasi ya katikati isiguswe na maji. Zile nzito usiguse na spirit kamwe, ju zimetengenezwa na shellac na spirit inaiyeyusha. Mimi nikiwa na miaka kumi na tisa niliharibu hivyo santuri ya mjomba wangu ya gitaa ya Kiluhya, nikaona mlio unapotea mikononi mwangu, sijawahi kuipata nyingine mpaka leo. Na sindano iwe sawa na santuri, ya 45 usiitumie kwa 78.

Ile moja umesema haina karatasi kabisa na baba ameandika tu "Kisumu, 1969", ishike kwa mwanga uangalie karibu na tundu la katikati, penye hakuna mistari ya sauti. Kuna namba imekwaruzwa pale kwa mkono. Niandikie hiyo namba, alafu shika simu karibu na spika urekodi dakika moja ya pale katikati ambapo sauti zinanyamaza. Nitumie hiyo dakika, nitaiskiza leo usiku.